Kadi Aliyoisoma Hajati

Yule muuza gari wa mtaa wa Kisenyi hakuwa na mikono ya kutulia: kila akizungumza alifuta boneti kwa mkono wa shati lake, na sauti yake ilikuwa ya chini kama ya mfiwa. Hajati Sharifah, aliyetaka gari la kumpeleka mumewe hospitali, alipodai kadi ya gari, alipewa mara moja.

“Soma mwenyewe, Hajati, usije ukasema nilikuficha.”

Miwani ilikuwa nyumbani, lakini yeye, mke wa sajenti, mwenye darasa la saba lake kamili, haombi kusomewa. Akaikazia macho, akaitikia kwa kichwa kama hakimu. Yule bwana akaigeuza taratibu mikononi mwa Hajati, maana ilikuwa kichwa chini, akarudi kwenye boneti. Hajati akamsifu kwa adabu yake, akalinunua gari. Jina la kwenye kadi alikuja kusomewa kituo cha polisi, mwenye jina ameketi kando yake, akingoja funguo za gari lake.