Kidole na Maji

Kila nikimwagilia sukuma wiki hapa Mugutha, udongo mkavu ukitoa ile harufu yake, narudi Gatuanyaga siku tuliyomzika baba.

Baba aliuawa na pombe. Watu wakiwa bado wanakula, pasta na mjomba walianza kubishana juu ya yule tajiri wa kwenye Injili, anayeungua jehanamu na kuomba maskini Lazaro achovye kidole majini amtulize ulimi.

“Huo ni mfano tu,” mjomba alisema.

“Mfano gani una jina la mtu?” pasta akauliza. “Huyu anaitwa Lazaro. Moto ni moto, na walevi wako huko.”

Mama alikuwa akigawa chai.

Nikawaza, kama ni kidole tu kinachotakiwa, mimi ninavyo kumi. Nikachota maji kwa kikombe, nikapiga magoti kaburini, nikawa nachovya na kudondosha, tone kwa tone.

Nikasikia viatu vya mama nyuma yangu. Nikajua leo nitachapwa. Akaliangalia lile doa la maji kwa muda.

“Hapo ni miguuni,” akasema. “Kichwa kiko huku.”