Gunia la Mashudu ya Mbono

Dizeli ndiyo iliyonitoa nyumbani Makoko, Musoma. Lori langu la dagaa linaibugia balaa, na binamu yangu Magesa wa Bunda alinipigia simu kwamba sasa anakamua mafuta ya mbegu za mbono, ule mti wa kuzungushia nyua, na kwamba yanaendesha gari. Aliomba jambo moja tu: niende Butiama nimbembeleze mama yake, shangazi yangu Wakuru, ampe eneo lake la malisho apande mbono.

Bunda nilifika asubuhi. Magesa akachanganya mafuta yake kwenye tangi, nikawasha. Jamani! Injini ikaunguruma vizuri tu.

"Umeona?" Magesa akashangilia. "Tutaachana na haya mafuta ya kuchimbwa, yanachafua dunia!"

Akapakia gunia la mashudu yaliyobaki mashineni. "Mpe mama, ng'ombe wake ale." Bunda kila mfugaji analisha mashudu ya pamba, kwa hiyo hatukujiuliza mara mbili.

Butiama, mchana, shangazi alipokea gunia akicheka mpaka machozi. "Kumbe Magesa ananikumbukaga!" Ng'ombe wake mmoja wa maziwa alinusa, akageuza kichwa.

"Anaringa huyu," shangazi akasema, akachanganya na pumba na chumvi hadi akala.

Jioni nikamfikishia ombi la malisho. Akamtazama ng'ombe wake. "Huyu atakula wapi sasa? Lakini mtoto akiomba, utamnyimaje? Niache nifikirie."

Kesho yake ng'ombe aliharisha, akalala, hakuinuka tena. Bwana mifugo alipofika akauliza amekula nini. Tulipomwonyesha gunia, alishika kichwa. "Mbono ni sumu. Kukamua hakuiondoi." Ng'ombe akafa tukimtazama. Nililia, mtu mzima mimi.

Nilimpigia Magesa simu, akaja siku hiyohiyo. "Mama, nimekuulia ng'ombe. Malisho yako sitayagusa."

"Usiseme hivyo, mwanangu. Ng'ombe alikataa. Mimi ndiye niliyemlazimisha, kwa kuwa yametoka kwako."

Magesa akakaa chini kwenye vumbi.

Nilirudi Musoma na tangi la mbono, na lori halikusumbua hata kidogo, sitasema uongo. Magesa bado anakamua, ila mbegu anachuma kwenye nyua za watu tu, na mashudu anayafanya mbolea. Nilichojifunza ni kwamba kila mafuta ya gari yana mtu yanayemuumiza. Haya yalimuumiza mama aliyefurahi tu kukumbukwa na mwanawe.