Mshipa wa Mamake

Jirani yangu hapa Kisauni hatulii. Mamake alipasuliwa, mshipa mkuu utokao moyoni ukatiwa kiraka, na tangu hapo jirani huyu ameuchora kwenye kompyuta kutoka picha za hospitali, aone damu inapita vipi. Kompyuta huchukua siku nzima kupiga hesabu moja ya mtiririko huo. Akingoja, hutafuna kucha, hunyanyuka, huja uani kwangu ninapouza maji, akaubana mpira wa maji kwa kidole gumba, akatazama maji yanavyoruka, akauachia, akaubana tena.

“Maji yangu yanamwagika, mwanangu!”

“Niwie radhi, shangazi,” husema, na kidole hakitoi.

Jana asubuhi nilipita mlangoni kwake nikamsalimu kama kawaida: “Mama hajambo?” Hilo ni swali la kujibiwa bila kufikiri. Yeye aligeuka kwanza kutazama kompyuta. Penye kiraka, rangi nyekundu ya damu ilikuwa ikizunguka pale pale, haiendi mbele. Akainamia kioo cha kompyuta.

Mamake, ambaye kwa haraka sikuwa nimemwona, alikuwa amekaa kizingitini, miguuni pangu, akichambua mchicha. Hakuinua hata kichwa.

“Mwambie sijambo,” akamwambia mwanawe. “Mimi niko huku.”