Mazoezi ya Bwana Tranter

Glenys Pargeter alikaa miaka kumi na tisa katika chumba kisicho na dirisha, akisikiliza masafa ya dharura ya ndege. Majirani zake kule Uxbridge, Uingereza, walidhani anauza tiketi, naye hakujisumbua kuwasahihisha. Kazi yenyewe haikuwa ngumu kueleza. Rubani aliyepotea akizungumza, minara kadhaa hunasa sauti yake, kila mnara huchora mstari wake kwenye skrini, na pale mistari inapokutana ndipo alipo. Akinyamaza, mistari hufutika. Kwa hiyo kazi ya Glenys ilikuwa kuwafanya watu waseme, na Waingereza, Mungu awasamehe, wako radhi kufa na tai shingoni kuliko kukiri kwamba hawajui walipo.

Siku za utulivu marubani waliruhusiwa kupiga redio kwa mazoezi. Rubani anasema ni mazoezi, anatajiwa alipo, anashukuru, anaaga. Mwaka wake wa tatu kazini Glenys alimtajia mmoja hivyo, wakaagana, akarudia chai yake. Kesho yake ndege ile iliokotwa baharini vipande vipande. Hakuna aliyemlaumu, kwani taratibu alizifuata zote. Alijilaumu mwenyewe, na lawama ile haikumtoka.

Jumapili moja ya Oktoba, saa tisa alasiri, alipiga mzee mmoja ambaye ndege yake iliitwa Kilo Tango. Aliomba kutajiwa alipo, kwa mazoezi tu, akaongeza kama mtu anayepita kusalimia kwamba yuko juu ya mawingu karibu na Hereford, mji wa bara kabisa. Mistari ilikutana juu ya maji ya mlango wa bahari wa Bristol, naye alikuwa akielekea magharibi, kwenye bahari tupu. Glenys akamtajia. Mzee akasema ndivyo alivyodhani, akashukuru, akaaga.

Dakika sita baadaye akarudi. Mazoezi tena, na sasa alikuwa mbali zaidi na nchi kavu.

Sajini Birtles, mkuu wa zamu, alisimama nyuma ya kiti. "Huyo kapotea. Mwambie atangaze dharura, yaishe."

"Nikimwambia hivyo ataona haya, atazima redio," Glenys akasema. "Hawa nawajua. Niachie mimi."

Akabonyeza kitufe na kusema taratibu. "Kilo Tango, samahani kwa usumbufu. Na mimi huku nina mazoezi yangu. Natakiwa nimwongoze mtu mpaka atue, na tangu asubuhi sijapata mtu. Utanisaidia, mzee wangu?"

Skrini ikabaki tupu. Glenys aliogopa, aliogopa kwelikweli.

"Kama itakufaa, dada," mzee akajibu. "Mimi sina haraka."

Akamgeuza mashariki. Akamuuliza mafuta yamebaki kiasi gani, eti fomu inadai, naye akasema ya dakika ishirini na tano hivi. Ili sauti isikatike alimuuliza habari za bustani, akasimuliwa konokono wote waliokula kabichi mwaka ule. Huku nyuma Birtles alikuwa kwenye simu, akiwahimiza watu wa Combe Harrow, kiwanja kidogo cha ndege chenye wazimamoto wawili, mmoja akiwa bado na mkate mdomoni. Mzee alipofika juu ya nchi kavu, Glenys alimshusha chini ya mawingu kidogo kidogo, mpaka mzee akasema anaiona njia ya kutua.

Robo saa baadaye simu ya mezani ililia. Injini ilikuwa imezimika kwa kuishiwa mafuta kabla ndege haijafika maegeshoni.

"Tranter hapa. Nadhani unajua hayakuwa mazoezi."

"Najua."

"Kule juu nilikuwa na mke wangu kando. Miaka arobaini na moja namwambia mimi sipotei. Sikutaka ajue. Asante kwa kunisitiri."

Glenys alimwambia haina neno. Kisha akamsikia mzee akisema mke wake amefika naye anataka kushukuru, na sauti ya mwanamke ikaja, ya chini, kama ya mtu aliyegeukia ukutani.

"Ile mara ya pili ni mimi niliyemwambia apige," akasema. "Maji nilishayaona kwenye tundu la mawingu. Nikamwambia, mume wangu, hebu fanya mazoezi mengine, unayafanya vizuri sana."