Masuke Yaliyoachwa Darini

Abdurahmani Likwata hakuwa mtu mbaya. Hili lisemwe mapema, maana wapo watakaofika katikati ya habari hii na kumchukia, na chuki hiyo yeye mwenyewe alikwisha kujipa ya kutosha. Alikuwa mtu wa kupenda kuonekana, basi. Kasoro hiyo wanayo wengi, ila wengi hawapati nafasi ya kudhuru watu kwayo.

Alizaliwa katika mji wa Mtama, baba yake akiuza kanga na shanga barazani. Mwaka wa Uhuru akamwoa Siti binti Ismaili wa Namunda, kitongoji kilichojificha nyuma ya Milola, na kwa desturi ya Wamwera akamfuata mkewe kwa mama yake. Aliingia Namunda na sanduku la mbao, mwavuli, na saa ya mezani yenye kengele. Saa ile ililia alfajiri ya kwanza, kuku wakatawanyika, na wanawake wa Namunda wakacheka wiki nzima. Siti hakucheka. Alimwuliza tu, kwa upole, ile saa inamwamsha nani, maana jogoo wanaye.

Nyumba ya Siti ilikuwa na vitu ambavyo ungeweza kuvitaja vyote bila kuvuta pumzi: vyungu vitatu, kata ya kifuu, kibuyu, ungo, kinu na mchi, mikeka, majembe mawili na shoka. Hakuna kilichotupwa. Mabua yalikuwa ua mwaka huu na kuni mwaka ujao. Majivu yalikwenda kwenye bustani ya mchicha, maji ya kuoshea vyombo yakaenda kwenye mpapai, na chungu kilichopasuka kikawa cha kunyweshea kuku. Kuni alizookota zilikuwa zile zilizokauka zenyewe. Shamba lililolimwa misimu mitatu aliliacha lipumzike hata kama bado lilikuwa linatoa, na mumewe akinung'unika kwamba wanaacha ardhi nzuri, alijibiwa kwamba mtu naye akichoka hulala.

"Cha kutumia kipo," Siti alizoea kusema. "Cha kutazama cha nini?"

Kitu kimoja tu katika nyumba ile kilitazamwa. Juu ya mafiga, kwenye dari la miti lililokuwa jeusi kwa masizi, yalining'inia mafungu ya masuke ya mtama mwekundu. Moshi uliyapitia usiku na mchana, mdudu hakuyagusa. Ulikuwa mtama mrefu, mchungu kidogo ukiwa mbichi, hata ndege waliuonja wakahama. Mvua ikiwa haba ulijikunja ukasubiri, mvua ikirudi ukaendelea. Siti aliupata kwa mama yake, naye kwa mama yake. Msichana wa ukoo ule alipoolewa na kulima shamba lake la kwanza, mama alipanda kwenye kinu kilichopinduliwa, akashusha fungu moja kutoka darini na kumpa mkononi. Mwanamume hakushika mbegu. Namunda nzima ilikula mtama uliotoka kwenye dari lile, kwa kuwa mama yake Siti hakuwa mchoyo kwa majirani.

Siti akazaa mvulana, kisha mvulana mwingine. Akawapenda, lakini kila alipotazama darini alihesabu miaka yake.

Abdurahmani naye alikuwa na mambo yake. Baada ya Azimio alichaguliwa balozi wa nyumba kumi, na kwa kweli aliifanya kazi vizuri: alijua kusoma, alisuluhisha magomvi ya mipaka, hakula cha mtu. Tatizo lilianza siku katibu wa tawi alipokuja na suruali yake iliyopigwa pasi, akakaribishwa mkekani, akakaa amekunja magoti kama mgonjwa. Abdurahmani aliona haya hadi masikio. Mavuno ya korosho ya mwaka ule yote yalikwenda kwa fundi wa Milola, na yakarudi viti sita vya mninga, vizito, vyenye migongo ya kuchonga. Siti alivizunguka mara moja.

"Tuko wanne," alisema.

"Vya wageni," alijibu mumewe.

"Wageni watakuja siku ngapi kwa mwaka?"

Viti vilikaa ukutani vimefunikwa kitambaa, na watoto walikatazwa kuvikalia.

Mwaka sabini na nne ikaja amri ya kuhamia vijijini. Kijiji kipya kilipimwa kandokando ya barabara kuu, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka Namunda, na lori likaahidiwa kwa siku moja. Nyumba mbili kwa kila safari. Balozi angetangulia ili wengine waone njia. Siku nane kabla ya lori, Siti alijifungua mtoto wa tatu, na safari hii alikuwa msichana. Wakamwita Somoe.

Wanawake waliomzalisha wanasema Siti alilia, na si kwa uchungu. Alimlaza mtoto kifuani akamwonyesha dari.

Alikuwa ndani ya arobaini, basi. Hakuruhusiwa kunyanyua kitu wala kutoka nje ovyo. Kufunga mizigo kukawa kazi ya Abdurahmani. Siti alimwagiza jambo moja, na alimwagiza mara mbili: masuke yatangulie. Vyungu vikivunjika udongo upo. Masuke yafungwe kwenye mkeka, yawekwe juu, yasilaliwe na kitu.

Lori lilipofika, nyumba ya pili katika safari ile ilikuwa ya Bi Tawakali, mjane jirani yao, na Bi Tawakali alikuwa na vitanda viwili, kabati na meza. Vilipopakiwa vikajaza nusu ya lori na kidogo zaidi. Kisha ikaja zamu ya balozi. Vyungu, kinu, mikeka, majembe. Vijana wa kupakia wakatazamana. Mmoja akauliza, bila nia mbaya, kama mizigo ya balozi inakuja na baiskeli.

Watu walicheka. Kicheko kile hakikuwa kikubwa, lakini kilimtosha Abdurahmani. Aliingia ndani akaanza kutoa viti, kimoja kimoja, akivifuta vumbi mbele ya watu. Viti sita vya mninga vinakula nafasi. Cha sita kilipopanda, mkeka wenye masuke ulikuwa bado umeegemea mlangoni na lori limejaa. Utingo akasema ashushe viti viwili. Abdurahmani akautazama umati, akavitazama viti, akauchukua ule mkeka na kuurudisha darini.

"Hayo mavumbi yatakuja safari nyingine," alisema kwa sauti ya mtu anayehutubia. "Huko tunakokwenda serikali itatupa mbegu bora."

Hakuwa ameambiwa hivyo na mtu yeyote kwa uhakika. Lakini balozi akisema kitu mbele ya watu, kimesemwa. Waliopakia baada yake nao wakatazama madari yao, wakaona masuke meusi kwa moshi, wakachukua vitanda. Lori halikurudi siku ya pili.

Kijijini Siti aliingizwa kwenye kibanda cha makuti, akalazwa mkekani na mwanawe. Swali lake la kwanza lilikuwa fupi.

"Masuke yamefika?"

"Yamefika," alisema Abdurahmani. "Yako kwenye ghala la kijiji, huku kunavuja."

Alikusudia kuufanya uongo ule uwe kweli. Hilo nalo lisemwe. Kesho angekwenda. Kurudi Namunda kulikatazwa, watu wasije wakaota mizizi tena, na katika nyumba zile kumi aliyekuwa na kibali alikuwa balozi peke yake. Saa tatu kwenda, saa tatu kurudi. Lakini kesho kulikuwa na kupima viwanja, keshokutwa kuchagua kamati ya maji, na siku ya tatu alikuja mgeni wa wilaya, viti sita vikatolewa nje, na mgeni akavisifu. Abdurahmani alilala na furaha usiku ule. Siku zikapita hivyo, kila moja na sababu yake, na kila sababu ilikuwa nzuri.

Ndipo moto ukapita Namunda. Wengine walisema ni moto wa kichaka tu, kiangazi kilikuwa kikali. Wengine walisema mengine wakashusha sauti. Alipokwenda kutazama alikuta kuta zimesimama bila mapaa. Katika jiko la Siti mafiga yalikuwa mahali pake, na juu yake mbingu. Alichakura majivu kwa mikono yake hadi jua likaelekea kuzama, akapata punje chache zilizoungua zikawa mkaa. Alizishika njiani kote, kisha akazitupa kabla ya kufika.

Mawingu ya kupandia yalipojikusanya, Siti aliuliza tena. Arobaini yake ilikuwa imekwisha, jembe lilikuwa mkononi.

"Panya," alisema Abdurahmani. "Wameingia ghalani wakamaliza yote. Hata mimi nimeumia."

Siti akaliweka jembe begani. Kisha akasema, "Haya," akaenda kuomba mbegu za mahindi.

Mbegu bora zililetwa kweli, mahindi meupe ya kupendeza. Mvua ikanyesha wiki tatu ikakatika. Mahindi hayajui kujikunja yakasubiri. Yalisimama yakakauka na majani yake, na mwaka ule kijiji kilikula unga wa njano uliokuja kwa meli, watu wakipanga foleni na ungo mikononi. Siti alipanga foleni na Somoe mgongoni. Maziwa yalimpungua. Mtoto alikonda hadi shingo ikawa nyembamba, na Abdurahmani alipomsikia akilia kwa sauti ile ndogo, alitoka nje akatembea mpaka mwisho wa kijiji na kurudi. Mtoto alipona. Hata hivyo baba yake hakuisahau sauti ile.

Ndipo akaanza kutafuta. Alianza na nyumba zake kumi, akiomba gao moja tu, la kujaza kiganja, la mtama mwekundu wa Namunda. Kila mlango ulimpa jibu lilelile, na kila jibu lilitolewa kwa adabu.

"Shikamoo, balozi," walisema vijana wa nyumba zile. "Sisi tuliacha yetu. Si uliacha yako?"

Bi Tawakali alikuwa na kibuyu kimoja cha mbegu alichokificha kwenye kabati, Mungu ampe maisha marefu. Lakini njaa ya Februari ilipobana alizitwanga akawapikia wajukuu uji. Alimweleza akilia, akaomba radhi. Abdurahmani alisimama pale akiombwa radhi na mjane, na hakujua aweke wapi uso wake.

Akaenda Mtama kwa ndugu zake, akaenda Milola, akavuka mpaka vijiji asivyovijua. Alipata mtama mweupe, mfupi, mzuri kwa macho. Siti aliupokea kwa mikono miwili, akaupanda, akashinda nao shambani, na ndege wakaushukia kabla haujakomaa. Msimu wa pili ukaisha hivyo. Viti vinne vilikwisha kubadilishwa kwa muhogo kufikia hapo, na hakuna aliyevikumbuka.

Mwaka sabini na sita, baada ya mavuno yasiyokuwa mavuno, Bi Tawakali alikuja asubuhi na mtoto wa paka ndani ya kikapu. Alikuwa amesikia habari za panya waliokula mbegu za nyumba ya balozi, akaamini balozi alikuwa ameyarudia masuke Namunda kwa kibali chake.

"Nimekuletea dawa yao, mwanangu," alimwambia Siti.

Siti alimkuna paka kichwani, akafunika kikapu taratibu.

"Ahsante, mama. Mpe mwenye shida. Panya wa nyumba hii hawana kosa."

Abdurahmani alikuwa nyuma ya ukuta akichonga mpini. Aliisikia sauti ya mkewe. Haikuwa na hasira. Aliuweka mpini chini akasubiri Bi Tawakali aondoke, kisha akaja akakaa kwenye mkeka mbele ya Siti, aliyekuwa anabangua korosho, vidole vimebabuka kwa utomvu wake.

Alisema yote. Kicheko cha vijana, viti, mkeka alioegemeza mlangoni akaurudisha darini. Ghala, panya. Alisema bila kujipamba, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake. Alipomaliza alingoja atukanwe. Alitaka atukanwe.

"Nilijua," alisema Siti. "Nilikuwa mbele na dereva. Niligeuka nikauona mzigo wote."

"Siku ileile?"

"Siku ileile."

"Sasa kwa nini hukusema, Mama Somoe?"

Siti aliweka korosho nzima upande mmoja, maganda upande mwingine. Maganda nayo yalikuwa na kazi yake.

"Nilikuuliza ukasema yamefika. Nikajua umeona haya, na mtu aliyeona haya humwachi uchi. Nikasema moyoni, atakwenda mwenyewe kuyachukua, atayaleta, na mimi nitajifanya sikujua. Nyumba yetu ilisimama siku kumi na moja kabla ya ule moto. Nilizihesabu nikiwa mkekani na mtoto. Kila alfajiri ulipofunga mkanda nilisema, leo anakwenda."

Siku kumi na moja. Abdurahmani alikuwa amejilaumu miaka miwili kwa dakika moja mlangoni mwa nyumba, kumbe aliyempenda alimpa siku kumi na moja juu yake, naye akazitumia kwenye mikutano.

Akauliza kama kuna jambo lolote analoweza kufanya. Siti akafikiri kweli, maana hakuwa mtu wa kujibu ovyo.

"Lipo moja," alisema. "Somoe akiolewa, ataninyooshea mkono, na mimi sina cha kumpa. Siku hiyo utamwambia wewe. Mimi sitamwambia ni panya."

Abdurahmani akasema sawa. Somoe alikuwa na miaka miwili, na tangu siku ile baba yake akaanza kuihesabu.