Dawa ya Miembe ya Mwanakuu

Mwanakuu hakujua kusoma, lakini aliweza kumjua mpumbavu kwa kumtazama tu, na yule wa godauni la Shimanzi alimjua tangu mlangoni. Jina lake Griffins, ofisa wa kampuni inayopeleka maembe Ulaya, kijana wa bara mwenye kalamu tatu mfukoni, na zote tatu hazikumwongezea akili.

Miembe ilikuwa sita, ng'ambo ya Likoni. Ndugu zake wa kiume walipogawana nyumba ya baba yao Mji wa Kale, walimtupia yeye miembe hiyo kama mtu atupavyo mfupa, naye akahamia chumba cha kupanga Kuze. Mfupa ukaota nyama. Maembe yake ya ngowe yalitoka marefu, matamu, na kampuni ikampa namba katika orodha ya wakulima wake. Ilikuwa namba hiyo iliyowafanya ndugu zake waanze kumsalimu tena.

Msimu huu ikaja amri: Wazungu hawataki masalio ya sumu kwenye tunda, kila mkulima aulizwe.

"Mama, miti yako imetiwa dawa?" Griffins alimuuliza.

"Imetiwa, alhamdulillahi."

"Dawa gani?"

"Ya Mwalimu Khubaib."

Na kweli ilitiwa. Miembe ilipotoa maua, Mwalimu aliandika aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, akaziosha kwa maji ya marashi, na maji hayo, yaitwayo kombe, yakanyunyizwa mashinani kukinga kijicho. Mji mzima huyaita dawa. Griffins akaandika: dawa isiyojulikana. Kreti zikazuiwa, maembe mawili yakapelekwa maabara.

Siku ya tatu Mwanakuu aliitwa kusikia majibu.

"Hayana sumu hata chembe," Griffins alisema.

"Basi pakia."

"Siwezi, Mama. Fomu inasema kuna dawa. Lazima iwe na jina, kipimo na tarehe."

"Jina lake kombe. Kipimo chake sahani moja. Tarehe kamuulize Mwalimu."

Wapakizi wakaangua kicheko. Griffins hakucheka, alikuwa akitafuta "kombe" kwenye orodha ya dawa zinazokubalika, kwa kidole, mstari kwa mstari.

"Haimo," akasema.

"Na hizo zilizomo ni nini?"

"Ni sumu. Lakini zinajulikana."

Mbele ya macho yao zilikuwa zikipita kreti za Riyadh, jirani yake wa shamba, ambaye hupiga sumu mpaka kunguru wakahama. Riyadh ana daftari la dawa. Anayoandika humo anayajua Mola wake.

Griffins akainama, akapunguza sauti kama mtu anayetoa sadaka. "Nataka kukusaidia, Mama. Tuandike ulipiga hii hapa ya kwenye orodha, mwezi wa tisa. Weka dole gumba, yaishe."

"Nikiri nilitia sumu, ndipo maembe yangu yawe safi?"

"Ni karatasi tu. Usipoweka, namba yako naifuta leo."

Karatasi tu. Ndivyo kaka yake mkubwa alivyomwambia siku ya kugawana nyumba, akimshika mkono na kumchovya kidole kwenye wino.

"Dole hili limeshanilia nyumba, mwanangu," Mwanakuu alisema. "Halitanilia na jina. Futa."

"Utajuta, Mama."

"Majuto yangu hayahitaji fomu. Nyie, nishushieni kreti zangu!"

Namba ikakatwa kwa wino mwekundu. Alikodi mkokoteni hadi Makadara, akauza alichoweza kwa Swafia, mpasua maembe ya chumvi na pilipili, na wanunuzi wakala wakilamba vidole. Swafia hakuweza kuyamaliza. Yaliyobaki yalianza kuoza siku nne baadaye, naye Mwanakuu akayabeba mwenyewe jalalani, mchana kweupe, akipita mbele ya baraza ya ndugu zake bila kuwapa hata salamu.