Plasta ya Bibi Nyabise

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ya miaka ile tulipohamia kijiji cha ujamaa karibu na Kibara. Bibi yangu Nyabise alijikata mguu kwa jembe katika shamba la pamba la kijiji. Dresa wa zahanati, Mzee Makori, alikifunga kidonda kwa plasta pana, akaniagiza niibandue baada ya siku tatu, nisafishe, nifunge upya.

Mwaka huo nilikuwa nimetoka jandoni, na kila aliyenisikiliza nilimweleza kwamba sikupepesa jicho. Plasta nikaiona mchezo. Nikamwambia Bibi, "Jikaze," nikaivuta kwa mara moja. Ngozi yake, nyembamba kama ganda la kitunguu, ikaifuata.

Hakulia. "Mume wangu," alisema, "leo umenichuna kama mbuzi."

Nikacheka, nikabandika plasta mpya. Yeye hakucheka. Tangu hapo aliufunika mguu kwa kanga, hakutaka niuguse. Siku ya nne baada ya hapo kidonda kilianza kunuka. Nikaogopa atakatwa mguu, nikamkimbilia Makori.

Hakupandisha sauti. "Wewe kule jandoni ulikuwaga unapimwa. Bibi yako nani anampima? Mgonjwa hatahiriwi."

Tulipofika nyumbani aliomba mafuta ya pamba, akayapasha yakawa vuguvugu, akapaka kingo za plasta tu, yasifike kidondani. Tukangoja kiasi cha kumaliza kikombe cha uji. Kisha akaniachia kazi: kidole kimoja kibonyeze ngozi, mkono wa pili uikunje plasta taratibu, iende chini chini, kufuata vinyweleo vinakolala. Ngozi ikiinuka, niache, niongeze mafuta.

Nikakunja kidogo kidogo. Bibi alikuwa amefumba macho. Plasta ilipotoka yote, aliuliza, "Mnaanza saa ngapi?"

Makori akasafisha kidonda. Kilifunga kabla ya msimu wa kuvuna pamba.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi, mwanangu, lainisha kingo kwanza, ngoja, ishikilie ngozi, ndipo ukunje. Ukikosa mafuta, maji ya vuguvugu yanatosha. Tena usimdai mgonjwa ushujaa kwa sababu wewe una haraka. Muulize kama anaumia, na akikujibu, msadiki.

Mungu akupe mikono miepesi, na umri mrefu wa kuitumia.